Sheikh Abdurrashid Ibrahim, Mzee wa Siberia Aliyekwenda Kuwatazama Wajapani

Sisi watu wa pwani hatukuanza jana kulisikia jina la Japani. Bibi zetu walijitanda kanga zilizopigwa chapa katika viwanda vya huko, na leo mtu akivuka feri kuja Likoni, akapanda gari mpaka Bofu, mara nyingi gari hilo limetumika kwanza miaka mingi katika barabara za Wajapani kabla ya kuteremshwa Kilindini. Gati jipya la makontena la Kipevu lilijengwa kwa mkopo wa nchi hiyo, na kadhalika barabara ya Dongo Kundu. Basi vitu vyao twavijua. Ama wao wenyewe, namna wakaavyo majumbani mwao, namna wanavyolea watoto wao na namna walivyopata nguvu walizozipata, hayo ni wachache kati yetu walioyauliza. Lakini yuko mwanachuoni wa Kiislamu aliyeyauliza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akaenda mwenyewe kuyatazama, akayaandika. Tumeona ni haki kuzieleza khabari zake katika kurasa hizi, kwa sababu katika darsa zetu swali moja huzuka mara kwa mara: je, yafaa Muislamu kuwasifu watu wasio wa dini yake na kuchukua ilimu kwao? Mzee huyu alilijibu swali hilo kwa umri wake wote. Jibu lake lina mazuri yake na lina makosa yake, nasi hatutaficha hata moja.

Sheikh Abdurrashid Ibrahim alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Tara, Siberia ya magharibi, nchi ambayo theluji hufunika ardhi miezi mingi na mito huganda hata magari ya farasi yakapita juu yake. Jamaa zake walikuwa Matatari wenye asili ya Bukhara, watu waliohamia huko zamani wakalowea, kama jamaa zetu wengi walivyokuja pwani hii kwa majahazi kutoka Hadhramaut na Omani. Dola ilikuwa ya mfalme wa Urusi, na dini ya dola ilikuwa Ukristo. Waislamu waliachiwa misikiti yao, lakini hawakuachiwa mambo yao. Kijana Abdurrashid alisoma katika madrasa za kwao, kisha akafunga safari ya kwenda Hijazi, akakaa Madina miaka kadhaa akidurusu mbele ya mashekhe, na mwaka 1885 akarejea Tara kusomesha.

Mwaka 1892 akawekwa kuwa kadhi katika Baraza la Kidini la Waislamu lililokuwa katika mji wa Ufa. Cheo hicho wengi walikitamani. Yeye hakukikalia muda mrefu. Aliona kuwa baraza lile limefungwa mkono na serikali, na kwamba kadhi anayelipwa na mtawala asiyeitakia heri dini yake hupata tabu kusema lililo kweli. Akatoka, akaandika kitabu kidogo alichokipa jina la Nyota ya Asubuhi, kilichochapwa Istanbul mwaka 1895, akieleza dhuluma walizokuwa wakitendewa Waislamu wa Urusi. Kuanzia hapo hakutulia tena mahali pamoja. Alizunguka Misri, Hijazi, Palestina, Italia, Ufaransa, nchi za Balkani na Turkestani, kisha akarudi Siberia. Mwaka 1904 alikamatwa Istanbul kwa matakwa ya Warusi, akapelekwa Odessa kifungoni, mpaka Waislamu wa Urusi wakapiga kelele na yeye akaachiliwa.

Mwaka uliofuata, 1905, mambo yaligeuka. Urusi ilikuwa imepigana vita na Japani na imeshindwa. Wazee wa Komoro na wa Bukini walikuwa na sehemu ndogo katika tarikhi hiyo bila ya kuitaka, kwani manowari za Warusi zilizotoka bahari ya Baltiki zilikuja, nyingine kwa kuizunguka Afrika, zikatia nanga Nosi-Be, kaskazini ya Bukini, miezi ya mwanzo ya mwaka huo, zikingojea makaa na amri. Kisha zikavuka bahari yetu ya Hindi kwenda kufia Tsushima, tarehe 27 na 28 Mei 1905. Katika merikebu zote hizo ni tatu tu zilizofika bandari ya Vladivostok. Khabari hiyo ilitikisa dunia. Watu waliokuwa chini ya tawala za Wazungu, kuanzia Misri mpaka Bara Hindi na Java, waliona kwa macho yao kwamba taifa la Mashariki limelipiga taifa kubwa la Ulaya baharini na nchi kavu. Misri, Mustafa Kamil alikuwa amekwisha kuandika kitabu kizima juu ya Japani mwaka 1904, na magazeti ya Kiarabu yalijaa maswali: Wajapani wamefanya nini ambacho sisi hatukukifanya?

Huko Urusi kushindwa kulimlazimisha mfalme alegeze kamba kidogo. Sheikh Abdurrashid akaanzisha gazeti la Ulfet katika mji wa St Petersburg, na akawa katika waliokusanya mkutano wa kwanza wa Waislamu wa Urusi yote, Agosti 1905. Serikali ilikataa kuwapa ruhusa ya kukutana. Basi walikodi meli ya mtoni, wakafanya mkutano wao juu ya maji ya mto Oka, kana kwamba ni watu waliotoka kutembea tu. (Tunaopenda kusingizia kukosa ukumbi twende tukaifikirie meli hiyo.) Lakini kamba ilipokazwa tena, Ulfet likafungwa mwaka 1907, na mwaka 1908 Sheikh akaondoka Urusi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja. Aliacha watoto na nyumba, akaelekea mashariki.

Alipita Bukhara na Samarkand, akapita Siberia, Mongolia na Manchuria, na mapema mwaka 1909 akapanda meli Vladivostok na kushuka katika bandari ya Tsuruga, Japani. Alikuwa na Kitatari, Kituruki, Kiarabu, Kiajemi na Kirusi. Kijapani hakuwa nacho hata neno. Mtu wa ilimu aliyezoea kusikilizwa alijikuta kama bubu, akionyesha kwa vidole, akitafuta popote aliyejifunza Kirusi zama za vita. Wala hakuona haya. Alianza kukusanya maneno moja moja kama mtoto wa chuoni anavyoanza herufi. Kutoka hapo alikwenda Yokohama, kisha Tokyo, akakaa nchini humo miezi ipatayo mitano.

Katika safari zake zote, miezi hiyo ndiyo iliyomjaza furaha zaidi, na aliyoyaandika kuhusu Japani yana uchangamfu ambao huuoni anapoeleza nchi nyingine. Kwanza aliingiwa moyoni na usafi. Nyumba ya Kijapani ya zama zile ilikuwa ya mbao na karatasi, sakafu yake mikeka minene ya majani, vyombo vichache, godoro likikunjwa asubuhi na kutiwa kabatini. Hapana aingiaye na viatu. Mgeni huvua mlangoni, awe mkuu wa serikali au mpigaji maji, na hukaa chini. Msomaji wa pwani atasema: hayo ni yetu! Naam, na hilo ndilo lililomshangaza Sheikh. Watu hawa hawakuusikia Uislamu, na huku mtu wao wa kawaida huenda hamamu kila siku kujitia maji na kujisugua kabla ya kuingia katika birika la maji ya moto. Na Waislamu, ambao unadhifu kwao ni katika dini, miji yao mingi aliyoipita ilikuwa na uchafu wa kuonea haya. Alilinganisha bila kuchoka, na wala hakujipendelea yeye na watu wake.

La pili lililomvutia ni upole wa watu na uaminifu wao katika mambo madogo. Kusalimiana kwao ni kuinama, na kila mmoja huogopa kumpita mwenziwe kwa adabu. Aliwatazama wachukuzi wanaokokota vigari vya magurudumu mawili, watu wa kazi ngumu kama wale waliokuwa wakisukuma matroli ya abiria hapa Mombasa zama za mwanzo wa Waingereza, akawaona wakipumzika husoma gazeti. Kwa Sheikh, ambaye gazeti lake lilifungwa kwa amri na ambaye alijua ni wangapi kwao hawawezi kulisoma hata lisingefungwa, hilo halikuwa jambo la kupita.

Na hapa ndipo tunapopenda kusimama kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha mambo. Wajapani hawakupata nguvu kwa miujiza. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1868, serikali yao ilitoa sheria ya skuli mwaka 1872 iliyotaka kila mtoto asome, wa kiume na wa kike, katika kila kijiji. Mwanzoni wazazi wengi walipinga, na mahali pengine skuli zilichomwa moto na wakulima walioudhiwa na gharama. Serikali haikurudi nyuma. Alipofika Sheikh Abdurrashid, miaka thelathini na saba baadaye, karibu watoto wote wa umri wa skuli walikuwa wakisoma, na wasichana pamoja nao. Aidha, mwaka 1871 walikuwa wamepeleka wajumbe wao wakubwa kuzunguka Marekani na Ulaya kwa muda wa karibu miaka miwili, si kwa karamu, bali kutazama viwanda, mahakama, bandari na skuli, na kurudi na yale yanayowafaa. Wakaleta walimu wa kigeni kwa mishahara mikubwa, na kila mwalimu alipomaliza kuwafundisha Wajapani wa kutosha, wakamshukuru na kumrudisha kwao. Walichukua mitambo ya reli, na lugha yao wakaiacha kuwa ndiyo lugha ya kusomeshea. Sheikh alilipenda hili kuliko yote. Wachache aliowaona wakiiga Wazungu katika mavazi na karamu aliwakosoa, akaona kuwa nguvu ya Japani iko kwa wale waliobaki na desturi zao na huku wakaijua kemia na uhandisi.

Wanachuoni wetu wa pwani walikuwa wakiligusa jambo hilo hilo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa gazeti lake la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa msomaji wa Al-Manar ya Misri, na kilio chake kilikuwa kwamba watu wetu wameiga kwa Wazungu mavazi na anasa, na wakaacha bidii yao, ilimu yao na umoja wao. Sheikh Abdurrashid na Sheikh Al-Amin walitoka pande mbili za dunia. Ugonjwa walioutaja ni mmoja.

Turudi Tokyo. Sheikh hakubaki njiani na sokoni tu. Milango ya wakubwa ilimfungukia upesi. Alionana na Ito Hirobumi, aliyekuwa waziri mkuu mara nne, na Okuma Shigenobu, aliyeasisi chuo cha Waseda mwaka 1882, na wanasiasa na maofisa wa jeshi. Pamoja naye alikuwako Tokyo Mmisri, Ahmad Fadli, aliyekuwa ofisa wa jeshi, aliyekijua Kijapani na kumsaidia kutafsiri. Mwaka huo huo Maulana Barakatullah wa Bhopal, Bara Hindi, alikuja kusomesha Kiurdu katika skuli ya lugha za kigeni ya Tokyo, na baadaye akatoa gazeti la Kiislamu huko huko. Ofisa mmoja wa Kijapani, Ohara, alisilimu akaitwa Abubakar. Wakaasisi chama cha kuwaunganisha watu wa Asia, na miongoni mwa makusudio yake ilikuwa ni kujenga msikiti Tokyo.

Hapo matumaini ya Sheikh yakapaa. Aliona kwamba Wajapani wana tabia zote njema za Kiislamu, usafi, haya, ukarimu, ushujaa, utii, na kwamba kilichobaki ni shahada tu. Akaamini kuwa taifa zima laweza kuingia katika dini, na kwamba Japani yenye manowari pamoja na Waislamu wenye idadi kubwa wataitoa Asia katika mikono ya Wazungu. Tukumbuke alikotoka: gerezani Odessa, gazeti lililofungwa, ndugu zake walioonewa. Mtu aliyekuwa na kiu kama hiyo hawezi kulaumiwa kwa kuona maji. Hata hivyo yatupasa tuseme kweli kwamba aliokuwa akikaa nao katika majumba yale hawakuwa wote wakimtafuta Mwenyezi Mungu. Wengine, akiwemo Toyama Mitsuru na watu wake, walikuwa wakitafuta macho na masikio katika nchi za Urusi, China na Bara Hindi, na mzee mwenye ndevu nyeupe ajulikanaye kutoka Kazan mpaka Makka alikuwa kwao mlango mzuri.

Aliondoka Japani katikati ya mwaka 1909, akapitia Korea, China, Hong Kong na Singapore mpaka Bombay. Huko alikutana na kijana wa Kijapani, Yamaoka Kotaro, aliyejua Kirusi. Yamaoka akasilimu mbele yake, akapewa jina la Omar, na wawili hao wakapanda meli ya mahujaji kwenda Jidda. Hija ya mwaka 1327, yaani Desemba 1909, ndiyo ya kwanza inayojulikana kuhijiwa na Mjapani. Fikirini, ndugu wasomaji, Waarabu wa Makka walivyomtazama mtu huyo katika ihramu, nao ndio kwanza wamesikia miaka minne nyuma kwamba watu wake wamewazamisha Warusi. Baadaye ikajulikana kuwa safari ya Omar Yamaoka ilikuwa na baraka za jeshi la kwao, na kwamba aliandika aliyoyaona. Tutasema nini juu ya Uislamu wake? Hatusemi neno. Yaliyo katika nyoyo ajua Mwenye nyoyo.

Kutoka Hijazi walipita Sham, wakafika Istanbul mwaka 1910, wakapokewa kwa shangwe. Waturuki walikuwa na sababu yao ya kuwapenda Wajapani. Mwaka 1890 manowari yao Ertuğrul, iliyopeleka zawadi za Sultani kwa mfalme wa Japani, ilipigwa na tufani ikirejea, ikavunjika mwambani karibu na Kushimoto. Watu zaidi ya mia tano walikufa maji. Wanavijiji maskini waliteremka majabalini usiku, wakawatoa walio hai, wakawalisha chakula chao kidogo, na mfalme wa Japani akawarudisha waliookoka, 69, kwa manowari zake mpaka Istanbul. Sisi tuliozaliwa na bahari twajua thamani ya kitendo kama hicho. Sheikh Abdurrashid akakusanya maandiko ya safari yake katika kitabu kikubwa cha juzuu mbili, zilizotoka 1910 na 1913, juu ya ulimwengu wa Kiislamu na kuenea kwa Uislamu Japani. Mshairi mkubwa wa Kituruki Mehmet Akif alimfanya yeye kuwa ndiye khatibu anayesema katika utenzi wake wa mwaka 1912.

Lakini haya ndiyo yaliyotokea huko nyuma. Ito Hirobumi, ambaye Sheikh alimheshimu mno, aliuawa Harbin tarehe 26 Oktoba 1909 na Mkorea, kwani kwa Wakorea yeye ndiye aliyewatawala kwa nguvu. Mwaka 1910 Japani ikaimeza Korea moja kwa moja. Msikiti wa Tokyo haukujengwa wakati huo. Sheikh mwenyewe alipita nchi ya Korea mwaka 1909 na macho yake yaliyoona vumbi la kila mji wa Kiislamu hayakuuona uzito wa unyonge wa wale watu kama inavyostahiki. Hili ndilo kosa lake kubwa, nasi hatuoni faida ya kulifunika kwa sababu yeye ni wetu.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Mwaka 1911 Waitalia walipoishambulia Tripoli, mzee wa miaka hamsini na nne alikwenda Libya kuwa pamoja na wapiganaji. Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa Ujerumani, akiwashughulikia mateka Waislamu wa jeshi la Urusi waliowekwa katika kambi karibu na Berlin. Baada ya mapinduzi ya Urusi alijaribu tena kwao, asipate pumziko, akarudi Uturuki na kuishia katika kijiji cha Böğrüdelik, mkoa wa Konya, walikohamia watu wa Siberia kama yeye. Dola aliyoitumikia, ya makhalifa, ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1924, na serikali mpya haikuwa na haja na mashekhe wa namna yake. Mtu angedhani safari zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Mwaka 1933, akiwa na miaka sabini na sita, alialikwa Japani mara ya pili, akaenda. Japani aliyoikuta si ile ya 1909. Jeshi lilikuwa limeishika dola, na Manchuria ilikuwa imetwaliwa tangu 1931. Tokyo na Kobe kulikuwa sasa na Matatari waliokimbia mapinduzi ya Urusi, wengi wao wauzaji wa nguo. Kobe, wao na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walisaidiana kujenga msikiti uliofunguliwa 1935, na msikiti huo umesimama mpaka leo. Tokyo walisaidiana kugombana. Watu mia chache, wageni katika nchi ya watu, waligawanyika makundi mawili, hili la huyu na lile la yule, mpaka wakapigana. Imamu wao Qurban Ali, ambaye ndiye aliyesumbukia msikiti wa Tokyo tangu mwanzo, alikamatwa na serikali na kutolewa nchini siku chache kabla ya msikiti kufunguliwa. Akaukosa. Wako kati yetu ambao hawatahitaji kuelezwa mambo hayo yanavyokwenda.

Msikiti wa Tokyo ulifunguliwa tarehe 12 Mei 1938, iliyoafikiana na mfungo sita mwezi kumi na mbili, siku ya mazazi ya Mtume wetu (S.A.W.). Fedha nyingi zilitoka kwa makampuni makubwa ya Kijapani. Alikuwako mwana wa Imamu wa Yemeni, walikuwako majenerali, na alikuwako Toyama Mitsuru. Sheikh Abdurrashid, sasa na miaka themanini na moja, ndiye aliyekuwa imamu. Ndoto ya miaka ishirini na tisa ilikuwa imesimama mbele yake kwa mawe na kuba. Je, aliona pia walioshika kamba za ndoto hiyo? Tunadhani aliona, kwani hakuwa mjinga, na tunadhani alifanya hesabu kuwa msikiti utabaki na majenerali watapita.

Vita vilipofika bahari zetu mwaka 1942, nyambizi za Kijapani ziliingia Diego Suarez huko Bukini na kuzipiga meli za Waingereza, na jeshi la majini la Waingereza lilikuwa limehamishia makao Kilindini. Skuli ya Allidina Visram, ambayo wengi wetu twaipita kila siku tukiwa kisiwani, ilifanywa kuwa mahali pa kusoma siri za simu za Wajapani. Wakati huo huo sauti ya mzee wa Siberia ilitumiwa Tokyo kuwaita Waislamu wa Asia upande wa Japani. Na huko Java, walikoteremka Wajapani, watu waliamriwa waelekee Tokyo na kuinama kumtukuza mfalme, kuinama kunakofanana na rukuu. Wanachuoni walikataa. Sheikh Hasyim Asy'ari, aliyeasisi Nahdlatul Ulama mwaka 1926, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa katika waliokataa, akatiwa gerezani mwaka 1942. Wajapani wakalazimika kumtoa baada ya miezi michache na kuilegeza amri yao mbele ya wanachuoni. Basi wazee wawili, wote wanachuoni, wote waliosoma Hijazi, mmoja alikuwa katika minbari ya Tokyo na mwingine katika gereza la Wajapani. Kwa anayetuuliza katika darsa kuhusu kuchukua ilimu kwa wasio Waislamu, tunawaweka wote wawili mbele yake. Usafi wa nyumba, skuli ya kila mtoto na gazeti mkononi mwa mchukuzi, hayo yalikuwa kweli mwaka 1909 na ni kweli leo, na Sheikh Abdurrashid aliyaona kabla ya wengi. Gereza la Java nalo lilikuwa kweli.

Alifariki Tokyo tarehe 17 Agosti 1944, akiwa na umri wa miaka themanini na saba, mwaka mmoja kabla ya Hiroshima na Nagasaki, akazikwa katika makaburi ya Tama, nje ya mji, penye sehemu ya Waislamu. Msikiti aliouimamia uliokoka mabomu ya vita, ukasimama mpaka 1986, ulipobomolewa kwa uchakavu. Mwaka 2000 ulifunguliwa mwingine mahali pale pale, uliojengwa kwa mafundi na marumaru kutoka Uturuki, na wanaosali humo siku ya Ijumaa leo ni Waturuki, Wapakistani, Waindonesia, Waarabu na Waafrika, na Wajapani wachache, ambao huvua viatu mlangoni kama wavuavyo majumbani mwao.